Shemeji alitoka jela, na laini yetu ikamkataza kugusa kamba za nguo

Wakuu, heshima zenu. Na vijana pia, sasa.

Hii ni stori ya Ziwani, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Majina nimebadilisha. Yaliyobaki ni vile yalivyotokea, na mahali nisipojua kitu nitasema sijui, sitajaza.

Juzi humu ndani kuna mtu aliuliza afanye nini, kakake anatoka jela mwezi ujao. Wengi mlimjibu, "Mtafutie kazi." Sawa. Lakini kazi ndiyo sehemu nyepesi. Ngojeni niwaambie iliyo nzito.

Wakati huo nilikuwa nauza mitumba Gikomba. Biashara ile inakufundisha kwamba kila bei ina bei nyingine chini yake, na kwamba bunda likihesabiwa mara moja linadanganya. Mimi nahesabu kila kitu mara mbili hadi leo. Mke wangu, Mama Mueni, alishazoea kunikuta nahesabu vijiko.

Kaka yake mdogo aliitwa Ndolo, dereva wa lori. Kuna magunia ya sukari yalitoka kwenye lori lake yakaenda yasikotumwa. Alifungwa miaka mitatu, akatumikia miwili.

Hakusingiziwa, wakuu. Alifanya, na aliniambia mwenyewe. Nasema mapema ili mtu asianze kuandika hapa chini "alionewa huyo".

Siku aliyotoka nilimchukua mimi. Tulipofika nyumbani mlango ulikuwa wazi, lakini akasimama nje, mikono nyuma.

Nikamwambia, "Ingia basi, shemeji."

Akaingia. Kesho yake asubuhi nikamkuta amesimama tena palepale, upande wa ndani, anangoja kuambiwa atoke. Alikuwa na haja ya choo tangu alfajiri.

Sasa niwaeleze laini yetu, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa.

Nyumba zilikuwa nane zinazotazamana, katikati bomba moja na kamba sita za waya za kuanikia nguo. Wezi wa nguo walikuwa wengi. Unaanika shati, unageuka kumpa mtoto uji, ukirudi shati limeshahama mtaa. (Najua yalikohamia. Mengine yaliletwa kwangu Gikomba yakiwa na maji bado. Sikununua. Karibu yote sikununua.)

Kwa hiyo laini ilikuwa na zamu ya kamba. Kila siku nyumba moja inabaki, mtu anaketi nje na mchele wake wa kuchambua, anaangalia nguo za wote mpaka zianuliwe. Haikuandikwa popote. Lakini ukipewa zamu wewe ni mtu wa laini. Usipopewa, wewe ni mpita njia hata ukilala hapo miaka kumi.

Mzee wa laini alikuwa Mzee Maingi, karani mstaafu, mtu aliyevaa tai hata kwenda kutupa taka. Nilikwenda kwake kumwombea Ndolo. Nilimuuza shemeji yangu kama koti la mtumba, wakuu. Kitambaa kizuri, doa moja tu, limeshafuliwa.

Mzee Maingi akasema, "Doa la wizi halitoki kwa sabuni."

Nikasema, "Mzee, basi tumpe muda tuone."

Tukavutana kuanzia saa kumi hadi chai ya pili ikaisha. Alianza na "hapana". Nikamshusha mpaka mwezi mmoja wa kumwangalia, na masharti mawili. La kwanza, mchana Ndolo asionekane kwenye laini, aondoke na wanaoenda kazini na arudi nao. La pili, asiguse kamba. Hata shati lake mwenyewe tumwanikie sisi.

Akivunja moja, atoke siku hiyohiyo. Na mwezi ukiisha salama, atahesabiwa mtu wa laini.

Nilitoka pale nikijiona nimeshinda. Ndolo nilipomweleza aliitika tu, "Ndiyo, afande." Kisha akajirekebisha, "Ndiyo, shemeji."

Kazi nilimpatia kwa wachongaji wa kwetu Ukambani, waliokuwa na kibanda upande wa Pumwani. Wao wanachonga twiga na vifaru kwa tezo, yeye anapiga msasa mpaka mti unateleza. Alikuwa hodari. Akirudi jioni nywele zimejaa unga wa mti, anakula, analala.

Kulikuwa na kitu kingine. Wale wenzake wa lori, wa ile sukari, walikuwa wameshamtumia salamu. Kuna safari ya kwenda na kurudi, hakuna maswali. Alinionyesha mtu wao amesimama ng'ambo ya barabara, anavuta sigara, hana haraka.

"Nimewaambia nina mahali," Ndolo akasema.

Mahali penyewe ni pale kwangu. Kwa hiyo nikawa nahesabu siku. Asubuhi nahesabu, jioni nahesabu tena, isije ikawa moja imeniruka.

Siku ya ishirini na mbili mvua ikanyesha.

Mwaka ule unga ulikuwa wa kutafutwa. Saa nne hivi habari ikafika kwamba duka la karibu na kanisa limepata. Mkisikia hivyo hamuulizani, mnakimbia. Wanawake wote wa laini wakakimbia na vikapu, na Mzee Maingi na tai yake.

Zamu ya kamba siku hiyo ilikuwa ya nani? Yetu. Mama Mueni naye akakimbia. Jua lilikuwa kali, alijiambia ni dakika kumi.

Upande wa Pumwani wingu lilikuwa limeshafika. Kibanda cha wachongaji kilikuwa kinavuja, na mti ukilowa haushiki msasa. Fundi akawaambia waende nyumbani. Ndolo angepaswa kuzurura mjini mpaka jioni, ndiyo masharti. Lakini alikuwa na homa, na hakuwa na koti.

Akarudi. Akakuta laini haina mtu hata mmoja, kamba sita zimejaa nguo, na upepo umeanza kuzipiga.

Mjiweke hapo wakuu. Ukiziacha zilowe, zamu ilikuwa ya dada yako. Ukizigusa, wewe ni nani?

Alizianua zote.

Mimi nilifika nikiwa nimelowa, nimeacha mitumba yangu chini ya nailoni. Nikiwa bado kwenye kona nikasikia sauti ya Mama Zuhura.

Huyu Mama Zuhura alikuwa Mswahili wa Lamu, mjane, muuza mahamri. Sauti yake ilikuwa inafika Starehe bila nauli. Na neno alilokuwa anapiga ni lile ambalo Eastlands halipigwi mara mbili.

"Mwizi! Jamani, mwizi! Kamba zote tupu!"

Watu walishaanza kutoka laini za jirani. Mmoja alikuwa na nusu ya tofali mkononi, na hata hakujua kimeibwa nini.

Nikatazama mlango wangu. Umefungwa. Nilipogusa, nikagundua umefungwa kwa ndani.

Nikaweka mdomo kwenye ufa.

"Ndolo?"

"Naam, shemeji."

"Unafanya nini humo?"

"Nina nguo zao. Zote." Halafu, kwa sauti ya chini sana, "Naruhusiwa kufungua?"

Wakuu, mimi ni mtu wa maneno. Nikageuka, nikaweka mgongo kwenye mlango, nikapiga kelele kubwa kuliko ya Mama Zuhura.

"Nguo ziko kwangu! Zimeanuliwa, mvua isizilowanishe! Kila mtu aje achukue zake, na tutazihesabu hapahapa!"

Yule wa tofali alionekana kuvunjika moyo kabisa.

Ndolo alifungua. Kitanda changu kilikuwa na marundo manane, rundo kwa kila nyumba. Kila nguo imekunjwa pembe nne, kingo zimelingana kama matofali, vile wanavyokunja mablanketi ya ukaguzi kule alikotoka. Hakuchanganya hata soksi. Hizo siku ishirini na mbili, kwa kutazama tu jioni akirudi, alikuwa amejua nguo za kila nyumba, na hakuwahi kusogelea kamba.

Yeye mwenyewe alikuwa amechuchumaa kwenye pembe, mikono magotini. Kule jela ndivyo wanavyokaa wakihesabiwa.

Mama mmoja akasema, "Ala, hata amenikunjia kamisi vizuri kuliko mimi." Watu wakacheka. Nikaanza kupumua.

Tukahesabu. Vipande sitini na kimoja. Nikahesabu tena, sitini na kimoja. Nyumba saba wakachukua zao wakaridhika.

Mama Zuhura akainua leso, akaitikisa, akatazama chini ya rundo lake. Akatazama chini ya kitanda.

"Nilianika doti. Vipande viwili. Mwenzake yuko wapi?"

Kwa wasiojua, leso huja mbili mbili, moja ya kiunoni na moja ya kichwani. Ukibaki na moja umebaki na taulo.

Mzee Maingi akakaza tai. "Masharti yalikuwa mawili. Yote mawili yamevunjwa, na kitu kimepotea."

Nikaanza kuvutana naye palepale. Homa, mvua, unga, zamu ya nyumba yangu. Nilichopata ni siku tatu. Leso ionekane kabla ya Jumapili, la sivyo shemeji yangu abebe blanketi lake.

Ndolo bado alikuwa amechuchumaa. Nilimwambia ainuke. Lakini kuna kitu sikumwambia, na ndicho nimekuja kukiri hapa.

Sikumuuliza.

Mara mbili nilihesabu nguo. Mara mbili nilipekua magodoro yangu, yeye akiwa msalani. Swali moja la maneno mawili sikuliuliza hata mara moja. Niliogopa jibu. Nilijiambia, akiwa ameichukua sitaki kujua, nitaimaliza mwenyewe kimyakimya kama mtu mzima.

Kesho yake nikaenda Biashara Street, kwenye maduka ya leso. Duka la tatu nikaiona, ua lilelile, rangi ileile, na maandishi yaleyale.

Nikamwambia mwenye duka anikatie kipande kimoja.

Akanitazama juu ya miwani. "Na hicho kingine nimuuzie nani, mwenye nusu kichwa?"

Nilivutana naye kwa muda mrefu na nikashindwa. Ni mara chache naandika sentensi hiyo. Nikachukua doti nzima, nikaikata, nikampa fundi wa cherehani akapinda kingo. Kipande cha pili nikakificha ndani ya bunda la masweta. Kile cha kwanza nikakifua mara mbili kitoke wanga wa dukani, nikakipaka tope kidogo, nikakifua tena.

Jumamosi asubuhi nikampelekea Mama Zuhura. Nikasema nimeipata kwenye mtaro nyuma ya choo, upepo bwana.

Aliacha karai lake la mahamri. Akaipokea, akapitisha kidole kwenye pindo, taratibu, pande zote nne.

"Baba Mueni."

"Naam, mama."

"Mimi hupinda leso zangu kwa mkono. Tangu nilipoolewa. Huu mtaro wenu una cherehani?"

Nikajifanya natazama karai.

"Na leso haiuzwi moja. Mwenzake umemficha wapi?"

Nikaanza, "Mama, mimi nilitaka tu amani..."

"Umenunua amani. Haya. Sasa laini nzima itajua Ndolo aliiba." Alisema bila ukali, na hiyo ndiyo iliuma. "Maana shemeji mtu ndiye aliyelipa. Mtu hulipa asilodaiwa?"

Nilipogeuka, Ndolo alikuwa nyuma yangu, kwenye bomba, ndoo mkononi. Alikuwa amesikia yote.

Hakunipigia kelele. Bora angepiga. Aliweka ndoo chini, akafunga bomba vizuri lisidondoshe.

"Shemeji, yule hakimu alinifunga," akasema. "Lakini aliniuliza kwanza. Alisema, una la kusema? Wewe hukuniuliza."

Akaingia ndani. Kupitia mlango nilimwona anakunja blanketi pembe nne. Ng'ambo ya barabara, nawaambia ukweli, yule mvuta sigara alikuwepo. Mama Mueni alikuwa amemshika kaka yake mkono, analia, ananitazama mimi kana kwamba ndimi niliyemfunga.

Ndolo akatoka na blanketi kwapani. Ilibidi apite mbele ya karai la Mama Zuhura.

"Wewe," Mama Zuhura akamwita. "Kijana. Njoo hapa."

Akaenda. Mikono nyuma.

"Toa mikono nyuma, mimi si askari. Leso yangu uliichukua?"

"Hapana, mama."

"Kwenye kamba yangu ulikuta nini?"

Ndolo akafumba macho kidogo. "Buibui moja. Shuka mbili. Gauni la kijani, limepungua kifungo. Foronya tatu. Leso moja, na pini ya pili ikiwa imening'inia bila kitu. Nilijiuliza mwenzake yuko wapi."

"Mbona hukusema siku ile?"

"Hakuna aliyeniuliza, mama. Kule nilikotoka ukisema kabla ya kuulizwa ni kosa."

Mafuta ya mahamri yalikuwa yanaungua. Mama Zuhura hakujali, na huyo ni mama aliyewahi kunifukuza nusu ya mtaa kwa sababu ya hamri moja. Sikujua atasema nini. Nilikuwa nahesabu vidole vyangu, wakuu. Kweli.

Mzee Maingi naye akatokea. Akaona blanketi, akasema, "Naam, vizuri, anaondoka kabla ya Jumapili, bila fujo."

"Haondoki," Mama Zuhura akasema.

"Mama, sheria ya laini..."

"Leso ni yangu au ni yako, Mzee Maingi?"

"Ni yako, lakini..."

"Basi mwenye leso amesema haondoki. Mliacha kamba mkakimbilia unga, nyote, na mimi pia. Nguo za nyumba nane zimekauka kwa sababu yake. Kama aliichukua Mungu anajua. Kama ni upepo Mungu anajua. Mimi nimemuuliza akanijibu, inanitosha." Akamgeukia Ndolo. "Jumamosi ijayo zamu ya kamba ni yangu, na nina harusi Pumwani. Utanikalia."

Ndolo alikuwa ameshikilia lile blanketi kama mtoto mchanga.

"Umesikia?"

"Ndiyo, a..." Akasita. "Ndiyo, mama."

Na ile leso? Mpaka leo sijui iko wapi. Upepo unawezekana. Mtu wa laini ya pili anawezekana. Msiniulize kama nina hakika juu ya Ndolo. Sina hakika, nimemwamini tu, na nimegundua ni vitu viwili tofauti. Nimevihesabu.

Sitawadanganya kwamba laini yote ilimpokea. Mzee Maingi aliendelea kuanika nguo zake ndani ya nyumba, kama mwaka mzima, akizivaa zinanuka ukungu, na tai juu yake. Mwingine alihamisha kuku wake. Mimi mwenyewe ilinichukua siku nyingi kabla Ndolo hajaanza kunitazama usoni. Nilimwomba msamaha. Alisema, "Sawa." Hiyo "sawa" sikuweza kuishusha bei wala kuipandisha.

Ile Jumamosi ilipofika nilikataa kwenda Gikomba. Nilisema naumwa mgongo. Ndolo alitoa kigoda saa mbili asubuhi, akaketi katikati ya laini, nguo za watu pande zote, zinatikisika. Alinyoosha mgongo kama aliyewekwa lindo. Mimi nikasimama nyuma ya pazia. Leso, mashati, nepi, nepi, shuka. Nikifika mwisho naanza tena.

Saa tano hivi, bila kugeuka, akasema kwa sauti, "Shemeji, ukimaliza kuhesabu niletee chai."

Nikampelekea. Nikaleta na kigoda changu.

Aliishi kwetu miaka miwili zaidi, kisha akapata chumba chake Mowlem na mke mwenye mdomo. Lori hakulirudia tena. Aliendelea na msasa mpaka akawa fundi mwenyewe. Ametangulia, Mungu amrehemu.

Sasa fundisho, kwa yule wa kakake na wengine wote. Kazi mtafutie, mahali pa kulala mpe. Lakini siku kitu kitapotea, na kitapotea tu, kwa sababu kila nyumba hupoteza vitu, usikimbilie kumlipia wala kumfichia. Kaa naye chini umuulize. Kisha unyamaze uchukue jibu lake kama ambavyo ungechukua langu au la jirani yako. Mimi nilimtetea kwa kila mtu, mdomo ukakauka, na bado yule mama aliyempigia kelele za mwizi alimfanyia zaidi yangu kwa swali moja.

Nimemaliza. Walioishi Eastlands miaka ile watanisahihisha nilipokosea mitaa. Lakini ninaotaka kuwasikia zaidi ni nyinyi mliowahi kutoka ndani, kama mko humu, hata kwa jina la kubuni. Mlipofika nyumbani, nani alikuwa wa kwanza kuwauliza, na alisubiri jibu?